Bustani ya kufundishia udongo na tabianchi shuleni: acheni kipande kimoja kibovu makusudi

Walimu wenzangu, kabla hatujashika jembe tukubaliane kitu kimoja kwanza. Shule zetu nyingi zina shamba, lakini mtoto ukimuuliza shamba la shule ni nini atakwambia ni pale wanapopelekwa waliochelewa namba, waliopiga kelele, wasiofanya homuweki. Sasa mtoto aliyezoea kuona udongo kama adhabu utamfundishaje habari za udongo? Hivyo jambo la kwanza kabisa halihitaji hata senti, tangazeni mstarini kwamba bustani hii haitumwi mtu kwa kosa. Tena geuzeni kabisa, mwenye kosa ndo asiguse bustani siku hiyo, mtaona atakavyolalamika.

Naandika nikiifikiria Dodoma maana ndo ninapopajua, mvua msimu mmoja tu, milimita 550 mpaka 600 hivi kwa mwaka na karibu zote zinadondoka kati ya Desemba na Aprili. Kama uko Bukoba au Tanga badilisha tarehe na mazao, mengine yote yanafanya kazi vilevile.

Vipande vinne, kimoja kibovu

Wengi wakianzisha bustani ya shule wanataka kila kona ipendeze, mgeni akija apige picha. Kwa kufundishia hiyo haitoshi, mtoto akiona mchicha umestawi kila mahali hajui umestawi kwa sababu gani, ataamini ni bidii ya mwalimu au bahati. Anajua pale tu anapoona pembeni yake kuna mchicha uleule, mbegu ileile, siku ileile, na umedumaa. Kwa hiyo gaweni eneo vipande vinne, mita 3 kwa 4 kila kimoja inatosha, mviwekee alama za rangi.

Cha kwanza ndo kibovu: kinalimwa juujuu kama watu wengi wanavyolima, hakina samadi, hakina matandazo, kiko wazi juani. Cha pili kina samadi tu. Cha tatu samadi pamoja na matandazo, yaani nyasi kavu au mabua yanafunika udongo unene wa kama vidole vinne. Cha nne ni mashimo ya Chololo, teknolojia iliyobuniwa hapahapa Dodoma kwenye kijiji cha Chololo, na watoto wanafurahi sana wakijua kitu kama hicho kimetoka kwa mkulima wa kwao na siyo kwenye kitabu cha mzungu. Shimo lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30, kutoka shimo mpaka shimo ni sentimita 60 na mstari mpaka mstari sentimita 90. Udongo unaotoka unaufanya kingo upande wa chini wa mteremko, ndani unaweka majivu kidogo kufukuza mchwa, halafu samadi na mabaki ya mazao, unarudishia udongo lakini hujazi, unaacha nafasi maji yatuame. Hizo nafasi za 60 kwa 90 zitumieni kwenye vipande vyote vinne, la sivyo kuna mtoto mjanja mmoja atasema kile kimeota vizuri kwa sababu hamjabananisha, na atakuwa na haki.

Nusu ya kila kipande pandeni uwele, nusu kunde. Uwele unavumilia jua na urefu wake unapimika kirahisi kwa rula au kamba, kunde mnakula majani mapema na mizizi yake ina somo lake nitakuja kulisema.

Onyo moja, msiwape kundi moja kipande kibovu wakakaa nacho mwaka mzima. Watakata tamaa, au usiku wataiba samadi wakaweke, na hapo jaribio limekufa. Makundi yazunguke kila wiki ili vipande vyote viwe vya watoto wote. Darasa la watoto 80 gawa makundi ya nane nane, lakini wanaoingia bustanini kwa mara moja wawe makundi mawili au matatu tu, wengine wanakuwa kwenye vipimo vingine au darasani na kazi ya hesabu. Watoto 80 na majembe sehemu moja ni kutafuta kesi.

Udongo kwanza, mbegu baadaye

Haya yote fanyeni kabla ya kupanda, Septemba na Oktoba kukiwa kukavu, muda upo.

Anza na kuwaambia walime kidogo tu ule udongo mkavu wasikie wenyewe ulivyo mgumu. Halafu wape kisa cha Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga pale Kongwa, ikaleta matrekta na mamilioni ya pauni, na ilipofika 1951 mradi ukawa umefutwa. Sababu zilikuwa nyingi ila mbili ni za somo letu: mvua haikuja kama walivyohesabu, na ule udongo wenye mfinyanzi ukikauka unashikana unakuwa kama sementi, vyuma vya kulimia vinalika na kuvunjika. Mtoto aliyetoka kutoa jasho na jembe Septemba anaelewa hicho kisa bila maelezo marefu.

Kipimo cha chupa. Chukua chupa ya maji ya plastiki isiyo na rangi, jaza udongo uliochekechwa mpaka theluthi moja, weka maji karibu ijae, ongeza sabuni ya unga kidogo tu inasaidia chembe ziachane, funga, tikisa kwelikweli dakika tano (wapokezane), weka mezani na isiguswe. Baada ya dakika moja piga alama kwa maka peni pale ulipofika udongo uliotuama, huo ni mchanga. Baada ya masaa mawili piga alama ya pili, iliyoongezeka hapo ni tope laini, chembe za kati. Kesho yake piga ya tatu, huo ni mfinyanzi, na kama maji bado yana ukungu subirini siku nyingine. Vinavyoelea juu ni mabaki ya mimea. Sasa hapo hisabati imeingia yenyewe: jumla sentimita 10, mchanga 6, tope laini 2, mfinyanzi 2, asilimia ngapi ngapi? Fanyeni chupa tatu, udongo wa uwanja wa mpira, udongo wa chini ya mwarobaini, na wa hapo bustanini, muda wote chupa zikae dirishani na majina yake.

Kama chupa hamna au muda mfupi, mkono unatosha. Lowesha udongo ufinyange donge, lisiposhikana kabisa huo ni kichanga, likishikana lisukume kati ya dole gumba na kidole cha shahada utoke utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita mbili na nusu ni tifutifu, ukienda zaidi ya tano bila kukatika una mfinyanzi mwingi. Watoto wanaofinyanga ng'ombe wa udongo nyumbani watakushinda wewe mwalimu kwenye hili, waache wafundishe wenzao.

Kipimo cha maji kuzama ndo ninachokipenda kuliko vyote. Unahitaji kopo la maziwa lililokatwa pande zote mbili (mwalimu ndo akate, zile kingo zinakata vidole, au tumia kipande cha bomba pana la plastiki), unaligongelea ardhini sentimita tano, unamimina nusu lita ya maji, mmoja anashika saa. Fanyeni pale mnapokaa mstarini kila asubuhi, palipokanyagwa miaka na miaka, halafu chini ya mti penye majani, halafu bustanini. Mstarini maji yatakaa mpaka watoto wachoke kusubiri. Usiwaeleze chochote bado, waulize mvua kubwa ikinyesha pale mstarini maji yataenda wapi, wao wenyewe watakuonyesha kwa kidole mfereji unaoelekea korongoni. Ule udongo una nafasi ndogo ndogo za hewa na maji, ukiukanyaga sana zinazibana, mizizi inakosa hewa na maji yanakosa pa kupita. Udongo mzuri karibu nusu yake ni hizo nafasi, kitu ambacho hata watu wazima wengi ukiwaambia wanabisha.

Kuna watu wanapenda kupima uchachu wa udongo kwa choya, yaani rozela. Unaloweka maua makavu kwenye maji ya moto, yakipoa yanakuwa mekundu, ukitia limau yanazidi kuwa mekundu, ukitia maji ya majivu yanageuka bluu hivi au kijani. Watoto wanapiga makofi na ni somo zuri la sayansi, lifanyeni. Ila kwa udongo wenyewe rangi inakuwa hafifu hata ukichuja kwa kitambaa, kwa hiyo msitoe uamuzi wa kuweka chokaa shambani kwa sababu ya choya.

Mvua na joto kwenye kauntabuku

Nunueni kauntabuku moja kubwa, hiyo ndo roho ya mradi mzima, muhimu kuliko jembe. Kila siku saa tatu asubuhi mtoto wa zamu anaandika: tarehe, mvua milimita ngapi, mawingu, upepo unatoka wapi, joto la udongo kama kipimajoto kipo. Saa tatu asubuhi kwa sababu ndo muda ambao vituo vya hali ya hewa vinasoma mvua ya saa 24, mkifanya muda huohuo namba zenu mnaweza kuzilinganisha na za Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Kipima mvua: chupa ya lita moja na nusu yenye kuta zilizonyooka, kata juu pale inapoanza kubana, kile kichwa kigeuze kiingie ndani kama faneli kipunguze maji kukauka. Kitako cha chupa hakijanyooka kwa hiyo weka kokoto, mimina maji mpaka yafunike kokoto, hapo ndo sifuri yako, bandika rula kuanzia hapo, na kila ukimwaga maji ya mvua hakikisha umerudisha kwenye sifuri. Kiweke mahali pa wazi, mbali na ukuta na miti angalau mara mbili ya urefu wa huo ukuta au mti, na kifungwe kwenye kigingi maana upepo wa Dodoma mnaujua.

Halafu hesabu inayowashtua wote, hata walimu. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Paa la darasa la mita 9 kwa 7 ni mita za mraba 63, mvua ndogo tu ya milimita 10 inamwaga lita 630, mapipa matatu na zaidi. Waache wapige wenyewe, halafu waulize maji ya jana yalienda wapi na kwa nini leo wamebeba madumu kutoka nyumbani. Kuna shule zimepata mfereji wa bati kwa sababu watoto walienda na hesabu hiyo kwa wazazi wao.

Joto la udongo pimeni tena saa nane mchana, kipande kibovu na kile chenye matandazo, kina cha sentimita mbili tatu. Huku kwetu udongo ulio wazi juani juu kabisa unaweza kuvuka nyuzi 50, mbegu zinaungua na wadudu wadogo wa udongoni wanakufa au wanakimbilia chini. Kipimajoto hamna? Weka kiganja kimoja huku kingine kule, jibu lipo. Kama kile cha kwanza hakikaliki usimlazimishe mtoto, na msifanye na miguu mitupu.

Sasa tabianchi. Hapa wengi wanakosea, mvua ikichelewa wiki mbili wanawaambia watoto hayo ndo mabadiliko ya tabianchi. Siyo hivyo. Mvua ya leo na ya wiki hii ni hali ya hewa, tabianchi unaisoma kwenye miaka mingi, thelathini hivi, na ndo maana kauntabuku isitupwe mwaka ukiisha, irithishwe darasa linalofuata. Wakati mnasubiri hiyo miaka, watume watoto kwa bibi na babu na maswali matatu tu: zamani mlikuwa mnapanda mwezi gani, mwaka gani mvua ilikatika mkala shida, mwaka gani ilizidi. Mtasikia El Niño ya 1997 na 1998, mtasikia njaa zenye majina. Wagogo wanaikumbuka Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, na hiyo ni nzuri kwa darasa la sita au la saba kwa sababu ukame ulikuwepo lakini vita vya wakubwa (Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia) navyo vilichukua chakula, mifugo na watu, kwa hiyo watoto wajifunze kwamba siyo kila njaa ni ya mvua. Chorea mstari wa miaka ukutani, bandikeni.

Na hewa ya ukaa, ile inayoongeza joto la dunia, msiiache ielee angani tu. Mimea inaivuta, ikifa na kuoza sehemu inabaki udongoni, na udongo wa dunia umebeba kaboni (ndo huo ukaa) nyingi kuliko hewa na mimea yote ukijumlisha. Udongo ukiachwa wazi, ukilimwalimwa na kuchomwa moto, ile kaboni inarudi hewani. Mwonyeshe mtoto udongo mweusi wa chini ya mti na ule mwekundu wa uwanjani, mwambie weusi wa huu ni majani ya zamani. (Ila udongo wa mbugani nao ni mweusi na hiyo ni sababu nyingine, mfinyanzi wake, usije ukabanwa.)

Desemba, tatizo lenyewe

Hili hakuna mwongozo unalitaja. Mvua Dodoma inaanza shule zikiwa zimefungwa! Mnachimba mashimo Novemba, mnafunga, mvua inakuja, mnarudi Januari majani yamewafika kiunoni na mbuzi wamekula kilichobaki. Kwa hiyo kabla ya kufunga hakikisheni mambo haya: mashimo na samadi tayari, uzio wa miiba au minyaa umezibwa mpaka chini, na zamu ya likizo ya watoto wanaokaa karibu na shule pamoja na mzazi mmoja mmoja. Mbegu apewe mtu mmoja anayeaminika, akipiga simu mvua imeshuka ya kulowesha udongo kiganja kizima kwenda chini ndo mnapanda, vipande vyote siku moja. Mvua ya kwanza inayotimua vumbi tu isiwadanganye. Na kipima mvua kisomwe hata Krismasi, kuna mtoto atapenda kazi hiyo, mtafute.

Samadi iwe imeoza vizuri, haina joto wala harufu kali, mbichi inaunguza miche na ina vimelea. Mboji yenu wenyewe mnaweza kuanza mwezi wa saba: tabaka la mabua, tabaka la majani mabichi, samadi kidogo, maji, rudia, funika, chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache watoto wachomoe fimbo waishike, ni ya moto, na hakuna aliyewasha. Ni vijidudu vinakula. Kila baada ya wiki mbili tatu pindueni. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mkitoka, kibuyu chirizi kiwekwe mlangoni mwa bustani ili maji ya kunawa yaende kwenye mchicha. Dawa za wadudu watoto wasiguse kabisa, wala dumu lililokuwa na dawa lisitumike kumwagilia.

Mvua ikishanyesha

Januari na Februari ndo utamu. Kila wiki pimeni urefu wa uwele, mimea mitano ileile kila kipande, chora grafu yenye mistari minne. Dodoma mara nyingi mvua inakatika katikati ya msimu, wiki mbili au hata zaidi, wakulima wanalia lakini kwa somo hilo ndo bora kuliko yote, maana kipande kibovu kitasinyaa saa nne asubuhi wakati kile cha matandazo bado kimesimama. Ikitokea hivyo acha ratiba, toa darasa zima nje waone, na msimwagilie hata kimoja.

Kunde zikifika wiki ya sita hivi ng'oeni mche mmoja taratibu na udongo wake, suuzeni mizizi kwenye ndoo. Kuna vinundu vidogo. Vikateni kwa kucha, ndani vikiwa na rangi ya waridi au wekundu vinafanya kazi, bakteria wanachukua naitrojeni ya hewani wanampa mmea chakula. Vikiwa vyeupe au kijani kijivu bado au vimechoka.

Na siku moja ya mvua kubwa, baada ya radi kupita kabisa, kingeni kikombe cha maji yanayotoka kila kipande. Kama mvua haikuwahi muda wa masomo tumieni madumu matatu ya lita tano yaliyokatwa ubavuni, moja udongo mtupu, moja udongo na majani makavu, moja limeoteshwa nyasi, yalazeni kwa mteremko na mmwage maji sawasawa kwa kopo lililotobolewa. Maji ya la kwanza yanatoka kama chai ya maziwa. Hapo ndo mahali pa kuwasimulia Kondoa, makorongo yale yalivyokula ardhi mpaka mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), na 1979 mifugo ikahamishwa kwenye eneo lililoharibika, nyasi na miti vikarudi. Waulize pia waliohamishiwa mifugo yao waliishije, mjadala utachukua kipindi kizima na muache uchukue.

Mavuno yaliwe na watoto. Hili nalisema wazi kwa sababu linaua miradi mingi, mlenda, majani ya kunde na mchicha vikiishia majumbani kwa walimu mwaka wa pili hutapata mtoto wa kushika ndoo kwa moyo. Pimeni kwa mzani kilo za kila kipande mbele yao, andikeni kwenye kauntabuku, halafu viende jikoni kwenye chakula cha mchana. Vikizidi viuzwe, hela inunue kauntabuku nyingine na mbegu.

Mwaka wa pili msikimbilie kukitengeneza kipande kibovu chote. Kigaweni katikati kwa kamba, nusu ibaki kama ilivyo, nusu nyingine darasa jipya liamue lenyewe litaitibu vipi, samadi, matandazo, mashimo au vyote, na waandike kabla ya kupanda wanategemea kuvuna kilo ngapi.